Waraka kwa Mwenyekiti wetu: sheria imefika, mzazi bado yuko njiani

Blacktown, Sydney
Februari 2026

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Nakuandikia hadharani si kwa kukuvunjia heshima. Ni kwamba katika mkutano wetu wa mwezi uliopita nilinyoosha mkono mara tatu, na mara zote tatu ukaniambia, "Mama, vuta subira, tutafika kwenye mengineyo." Mengineyo hatukufika. Tulifika kwenye pilau. Pilau ilikuwa tamu, wapishi Mungu awazidishie, nami nilikula sahani mbili. Lakini hoja yangu nilirudi nayo nyumbani kama nilivyokwenda nayo.

Hoja yenyewe ni ile ajenda ya tatu, "Usalama wa watoto mtandaoni". Ulisimama, ukavaa miwani, ukatutangazia kwamba ajenda hii ni fupi kwa sababu serikali imekwisha kutumalizia kazi: tangu tarehe 10 Desemba 2025, mtoto aliye chini ya miaka 16 haruhusiwi kuwa na akaunti kwenye mitandao ya kijamii, Australia nzima. "Tuishukuru serikali, tuendelee," ukasema. Tukapiga makofi. Hata mimi nilipiga, nisije nikaonekana mbishi.

Ila macho yangu yalikuwa kwa yule binti aliyesimama mbele yako. Umri wake miaka 13, gauni la njano, mkono wa kulia umenyooka kama mlingoti, ameshika simu yako. Alikuwa anaturusha laivu Facebook, kwenye akaunti yako, ambayo yeye ndiye aliyekufungulia, yeye ndiye anayekumbuka neno lake la siri, na yeye ndiye aliyekuwa akisoma maoni ya watazamaji ili akunong'oneze nani kakusalimu kutoka Mwanza. Mkono ulipochoka, akahamishia simu wa kushoto. Basi sheria ya kuwatoa watoto Facebook ikatangazwa kwetu kupitia Facebook, kwa mkono wa mtoto. Ile methali ya nyani naiacha mahali pake, kwa heshima.

Naomba kwanza tuitendee haki sheria yenyewe, maana siku ile ilisomwa mbio mbio, na aliyekutafsiria, kama ulivyotueleza kwa fahari, ni mjukuu wako wa miaka 14. Kijana ana Kiingereza kizuri, sina neno. Lakini kumpa mhusika mwenyewe akutafsirie ni kama kumwomba mbuzi akusomee bango la bucha: yatakayomkera hatayasoma kwa sauti.

Bunge la shirikisho lilipitisha sheria hii mwishoni mwa Novemba 2024, likawapa wenye mitandao mwaka mzima wa kujiandaa. Ilipoanza kazi iliikamata mitandao kumi: Facebook, Instagram, Threads, TikTok, Snapchat, X, YouTube, Reddit, Kick na Twitch. Anayebanwa ni kampuni. Isipochukua hatua za kuridhisha kuwazuia watoto, inaweza kutozwa faini ya hadi dola milioni 49.5 za Australia. Mtoto akikutwa na akaunti hashtakiwi, na mzazi wake halipi hata senti. Wala mzazi hana uwezo wa kutoa ruhusa. Uridhie usiridhie, umri ni uleule. Msimamizi ni Kamishna wa Usalama Mtandaoni, Bi. Julie Inman Grant, ambaye ofisi yake iko hapahapa Sydney. Ofisi hiyo ilianzishwa mwaka 2015 kwa ajili ya watoto tu, na miaka miwili baadaye ikapanuliwa iwahudumie na watu wazima. Mwezi Januari 2026 ilitangaza kwamba akaunti zipatazo milioni 4.7 zimeondolewa au kuzuiwa tangu sheria ianze.

Sidharau hata kidogo. Ule umri wa zamani wa miaka 13, ambao sote tuliuzoea, haukupangwa na daktari wala mwalimu. Ulitokana na sheria ya Marekani ya mwaka 1998 iliyohusu ukusanyaji wa taarifa za watoto, na dunia nzima ikaupokea kana kwamba ulishuka na amri kumi. Australia imethubutu kuuliza kama umri huo unafaa. Hongera yake. Mimi ninachouliza ni kidogo zaidi: baada ya serikali kufunga mlango wa mbele, nani anaangalia wa uani?

Maana wa uani upo, mzee wangu, na ndio tunaoutumia sisi. WhatsApp haimo katika ile kumi. Messenger haimo. Roblox na Discord, wanakocheza na kuongea watoto wetu, hazikuwamo sheria ilipoanza. YouTube imo, lakini iliyozuiwa ni akaunti. Mtoto anaweza kuifungua bila akaunti yoyote akatazama atakacho, na ile mipaka uliyokuwa umemwekea kwenye akaunti yake inakuwa imekwenda na akaunti. Vijana wenyewe walilijua hili kabla yetu. Siku mbili tatu baada ya sheria kuanza nilipita Westpoint kununua unga, nikawakuta wamejipanga kwenye viti vya ghorofa ya chini, kila mmoja na simu yake. Hakuna aliyekuwa anasoma gazeti.

Hebu tuanze na WhatsApp, maana hapo hatuna wa kumsingizia. Sisi wenyewe tunaishi humo. Kikundi cha ukoo kina watu mia mbili na ushee, na nusu yao ukiwakuta kituo cha treni cha Blacktown huwezi kuwatambua. Humo inapita michango ya harusi, inapita mahubiri, na asubuhi moja bila onyo inapita picha ya ajali ya basi, maiti zikiwa wazi, na maneno "Msambazie kila mtu tuwaombee". Simu iliyopokea picha hiyo saa moja baadaye iko mkononi mwa mtoto wa miaka mitano anayetazama katuni mama apate kusonga ugali. Hakuna kamishna aliyemwonyesha mtoto huyo maiti. Ni shangazi.

Na humohumo ndimo tunamowaanika watoto wenyewe. Shule zilipofunguliwa juzijuzi nilikaa nikahesabu kwenye kikundi kimoja picha kumi na saba za watoto wenye sare mpya. Nembo ya shule kifuani, namba ya nyumba ukutani nyuma yake, jina kamili chini, na dua: "Mungu akutangulie mwanangu." Amina. Lakini tukishaomba Mungu amtangulie, tusimwandikie na mtu mwingine ramani ya kumfuata. Mwaka 2015, ofisi hiyohiyo ya kamishna ilieleza kuhusu tovuti moja ya watu wenye tamaa na watoto iliyokutwa na picha zisizopungua milioni 45, na takriban nusu yake zilionekana kuchukuliwa moja kwa moja kwenye mitandao ya kijamii. Zilikuwa picha za kawaida tu, mzee wangu: mtoto anaogelea, mtoto anacheza uani. Waliozipiga ni wazazi waliokuwa na furaha. Na siku hizi hata hiyo ya kuogelea haihitajiki, kwa kuwa zipo programu za akili mnemba zinazoweza kumvua nguo mtu aliyevaa sare. Shule za Australia zimekwisha kukutana na janga hilo.

Sasa nijisute mimi, maana waraka wa kuwasema wengine pekee ni umbea wenye tarehe.

Nafanya kazi zamu ya usiku katika nyumba ya wazee. Baba wa wanangu anaendesha lori. Miaka miwili iliyopita tulimnunulia mwanetu wa kiume, akiwa na miaka 11, tableti. Sababu tuliyoisema mbele ya watu ilikuwa masomo. Sababu ya kweli ni kwamba mtoto mwenye tableti hasumbui, na mtu aliyetoka zamu ya usiku anahitaji kulala mchana. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Sisi tulichelea hata mwana kuuliza.

Alikuwa na mchezo mmoja aupendao, ambao jina lake naliacha. Ndani yake kuna mahali pa kuandikiana. Jina alilojipa lilimalizika na bendera ya Tanzania, kwa mapenzi ya nchi, na mapenzi hayo nilimpandikiza mimi. Siku moja mchezaji mwingine akamwandikia kwa Kiswahili: "Mdogo wangu, na wewe ni Mbongo? Mimi nina miaka 22, nipo Sydney." Na mwanangu, mtoto niliyemlea kwa adabu katikati ya Wazungu wanaoitana kwa majina na babu zao, akajibu neno moja: "Shikamoo."

Nimeisoma ile "shikamoo" mara nyingi kichwani. Yule mtu akajibu, "Marahaba." Wiki nzima walizungumza mpira. Akampa zawadi ndani ya mchezo, vitu vya kununua kwa pesa halisi. Kisha akamwomba picha, mtoto akatuma aliyovaa sare. Akaomba nyingine, bila shati, "tuone kama una misuli kama yangu". Mtoto akasita. Akaambiwa, "Nimekupa vitu vyote vile halafu unanikatalia? Huna adabu?"

Narudia, mzee wangu: "Huna adabu?" Hakumtisha kwa kisu. Alimtisha kwa malezi yangu.

Mtoto hakutuma. Wala hakutuambia. Aliyeniambia ni dada yake, siku nne baadaye, na kwa kunong'ona. Nikapandwa na wazimu. Nilimpokonya tableti, nikafoka mpaka jirani akagonga ukuta, nikafuta mazungumzo yote, nikafuta na mchezo, nikajiona mama shujaa. Siku ya pili, nilipotulia na kutaka kuripoti, nikaulizwa: jina la akaunti yake ni lipi? Maneno yako wapi? Tarehe? Sikuwa na chochote. Nilikuwa nimekwisha kumfagilia nyayo zake kwa mkono wangu. Huenda yuko palepale hadi leo, anamwamkia mtoto wa mwingine.

Nikamuuliza mwanangu kwa nini hakuniambia. Alijibu bila kunitazama: "Ulisema ukisikia upuuzi wowote utaitupa tableti dirishani." Kweli nilisema hivyo. Nilidhani naweka ulinzi, kumbe nilimpa yule mtu kufuli. Mtoto anayejua kwamba akisema ukweli atanyang'anywa, hatasema. Na mwindaji naye anajua kwamba mtoto hatasema.

Ndiyo sababu nakwambia, Mwenyekiti, kwamba ajenda ile haikuwa fupi. Sheria inaweza kumnyima mtoto akaunti. Haiwezi kumfundisha kumkatalia mtu mzima. Na kukataa, tuseme ukweli, ndicho kitu ambacho katika nyumba zetu hakifundishwi, kinaadhibiwa. Mtoto mwema kwetu ni yule anayetumwa akaenda, anayeitwa akaitika, asiyemjibu mkubwa. Kila mtu mzima mwenye rangi yetu ni anko au anti hata kama tumekutana naye leo foleni ya benki. "Msalimie anko. Mpe anko mkono. Kaa na anko." Halafu usiku tunataka mtoto huyohuyo, akiwa peke yake chini ya shuka, amtambue anko mwovu na kumwambia hapana. Somo hilo alilipata wapi?

Utanijibu kwamba adabu ndiyo iliyotulea sisi. Ni kweli. Lakini sisi tulilelewa mahali ambapo anko akivuka mpaka kulikuwa na bibi barazani, kulikuwa na jirani dirishani, kulikuwa na mtaa mzima wenye macho. Utii wetu ulikuwa na walinzi. Huku tumeuleta utii, baraza tumeliacha Tandika. Wahenga wanasema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Na ulimwengu, zamani, ulikuwa unasubiri kidogo, mpaka mtoto atoke nje. Siku hizi unalala naye.

Wala tusijidanganye kwamba hatari ni Wazungu wasiojulikana. Utafiti uliofanywa na UNICEF, ECPAT na INTERPOL katika nchi kadhaa zikiwemo Kenya, Tanzania na Uganda ulionyesha mambo mawili yanayopaswa kutukosesha raha: kwamba mara nyingi anayemdhuru mtoto mtandaoni ni mtu ambaye mtoto tayari anamfahamu, na kwamba watoto wengi waliodhurika hawakumwambia mkubwa yeyote. Na hapa Australia somo lilikwisha kutolewa, kwa gharama isiyosemeka. Mwaka 2007, huko Australia Kusini, Carly Ryan, binti wa miaka 15, aliuawa na mwanamume wa umri wa kumzaa ambaye mtandaoni alijifanya kijana mwenzake. Mama yake, Sonya Ryan, alipigania sheria kwa miaka kumi, na mwaka 2017 bunge likaipitisha: kumwandalia mtoto madhara kwa njia ya mtandao ni kosa hata kabla ya kumgusa. Mama mmoja, miaka kumi. Sisi tuliipa ajenda dakika nne, nilitazama saa.

Lipo na jambo la cheo cha watoto wetu nyumbani, ambalo naligusa kwa upole kwa kuwa linatuuma wote. Watoto wetu ndio makatibu wetu, wakalimani wetu na mafundi wetu. Barua ya shule anaisoma mtoto. Namba ya siri ya myGov, mlango wa huduma za serikali, iko kichwani mwa mtoto. Benki ikituma ujumbe, anaitwa mtoto. Simu mpya ikinunuliwa, mtoto ndiye anayeipanga, na ndiye anayechagua nini mama aone na nini asione. Kisha tunasema "namdhibiti mwanangu". Tumemkabidhi mtu bunda la funguo, tunamkagua mifuko! Yuko mzazi mmoja, simtaji, aliyejigamba kikaoni kwamba ameweka programu ya kuzuia mambo mabaya kwenye simu ya bintiye. Aliyemwekea ni bintiye.

Nisiishie kulaumu. Naomba mkutano ujao uipe ajenda hii nafasi ya kwanza, kabla ya taarifa ya mweka hazina, ambayo inaweza kusubiri kama ilivyokwisha kuzoea. Nina mapendekezo manne, na yote hayahitaji mchango.

La kwanza, tupange Jumamosi moja ya watu wazima kujifunza simu zao. Watoto waje wawe walimu, lakini simu ikae mkononi mwa mwenye simu. Kila mzazi atoke pale akijua maneno yake ya siri mwenyewe, akiyabadilisha yale ambayo mtoto anayajua, na akijua, katika kila mchezo anaocheza mwanawe, ni mahali gani panapoamua nani anaweza kumwandikia. Mwalimu wa kwanza naweza kuwa mimi. Nilichojifunza nilikilipia.

La pili, chaja zihamie jikoni. Shule za sekondari za serikali katika jimbo letu la New South Wales zimepiga marufuku simu tangu Oktoba 2023, za msingi zilitangulia; mchana mtoto ana mlinzi. Pengo ni usiku, na usiku wetu una tatizo lake la pekee. Saa sita ya usiku hapa, majira haya, ni saa kumi alasiri Dar es Salaam na Nairobi. Binamu ndiyo kwanza wametoka shule, wana bando, wanapiga video. Hatuwezi kuwakataza watoto wasiongee na binamu zao. Tutakuwa tumekata mzizi. Waongee sebuleni, mapema, Jumamosi na Jumapili, mlango ukiwa wazi na sisi tukidakiza salamu. Na binamu wale, ambao hawamo katika sheria ya Australia, waambiwe kwamba Kenya na Tanzania namba 116 ni ya mtoto mwenye shida, kupiga ni bure.

La tatu, picha. Kabla ya kutuma picha ya mtoto kwenye kikundi, aulizwe yeye. Akikataa, basi. Sare, nembo, namba ya nyumba na jina la mtaa visionekane. Bibi yake Tanga atamfahamu mjukuu wake hata bila nembo ya shule.

La nne ndilo zito. Kila mzazi amwambie mwanawe maneno haya, kwa lugha wanayotumia kugombana nyumbani: "Ukiniambia lililokupata, sitakunyang'anya simu, sitakupiga, na sitamwambia shangazi." La shangazi lisisahauliwe, watoto wanaliogopa kuliko kiboko. Na mzazi akishaambiwa, asifanye nilivyofanya mimi. Asifute. Apige picha ya skrini ya maneno, aandike jina la akaunti na tarehe, ndipo amfungie yule mtu njia. Picha za utupu za mtoto, hizo asizinakili wala asimtumie mtu yeyote hata kwa jina la ushahidi. Aandike tu alichokiona na mahali alipokiona. Mtoto akitishiwa kwamba picha zake zitasambazwa asipolipa, asilipe, maana anayelipa leo huombwa kesho. Jambo hilo lipelekwe kwenye kituo cha polisi ya shirikisho kinachopambana na unyanyasaji wa watoto, kwa jina fupi ACCCE. Ikiwa ni matusi na uonevu, yaripotiwe kwanza kwa mwenye mtandao. Zikipita saa 48 bila kitu, kamishna ana uwezo wa kuagiza vitu hivyo viondolewe ndani ya saa 24. Mtoto asiyeweza kusema nasi anaweza kusema na Kids Helpline, 1800 55 1800. Kwenye hatari ya papo hapo ni 000. Na kwa yule mzazi ambaye Kiingereza kinamkwama kooni wakati wa hasira, kama mimi: 131 450 ni namba ya wakalimani. Ukitaja Kiswahili, unatafutiwa mtu. Mtoto wako si lazima atafsiri aibu yake mwenyewe.

Mzee wangu, najua utasoma waraka huu, au utasomewa. Kama anayekusomea ni yule binti wa gauni la njano, mwanangu, shikilia hapohapo, nina neno na wewe kisha umrudishie babu simu. Siku ile mkono ulikuwa unakuuma, niliuona unatetemeka. Ungeweza kusema "Nimechoka." Hakuna aliyekufundisha kwamba unaweza.

Basi ombi langu la mwisho, Mwenyekiti, ni dogo kuliko yote manne. Mkutano ujao, kabla hujampa simu akurushe laivu, muulize kama anataka. Mbele yetu sote. Akikubali, mshukuru na utafute kishikio cha simu, kinauzwa dola chache. Akikataa, tafadhali usinune, wala usimwambie hana adabu. Mwitikie "Sawa, mjukuu wangu," tuisikie sisi sote, na yeye aisikie. Itakuwa mara yake ya kwanza kumwambia mkubwa hapana na dunia isianguke. Neno hilo atalihitaji tena siku nyingine, usiku, sisi tukiwa zamuni.

Pilau ya siku hiyo nitapika mimi.

Wako katika jumuiya,

Mama wa safu ya nyuma, kiti cha karibu na mlango